UMEBEBA NINI?

Mahubiri ya Mwezi

Masomo: Mwanzo 31:25–35, Mwanzo 35:1–5, Mathayo 9:9–13, Warumi 13:5–10





Kila mwisho wa mwaka unapokaribia, barabara yetu ya kutoka Sirari hujaa. Mabasi hupita Tarime, huvuka mto Mara pale Kirumi, mengine huingia Musoma, mengine hupita njia panda ya Butiama kwenda Bunda na Mwanza. Ndani yake wamo watoto wetu wanaorudi kutoka Kisumu na Nairobi. Wengine hutoka mbali zaidi, Arabuni au Ulaya, au katika zile meli kubwa za watalii ambazo vijana wa Afrika Mashariki hufanya kazi ndani yake miezi mingi bila kuona nyumbani. Wote wanarudi na zawadi. Ni desturi njema, maana mgeni haji mikono mitupu, sembuse mtoto wa nyumba. Na katika zawadi hizo, tusifichane, mara nyingi imo chupa: ya baba, ya mjomba, ya kamati ya harusi.

Kila mmoja wao, mahali fulani njiani, amesimama mbele ya mtu wa forodha na kuulizwa swali fupi: “Umebeba nini?”

Hilo si swali la serikali peke yake. Bwana alimwuliza Musa habari ya kile alichokishika mkononi mwake. Alimwuliza Adamu mahali alipo, na Kaini habari za ndugu yake. Mungu hakuuliza kwa sababu hajui. Aliuliza ili mtu apate nafasi ya kusema kweli kwa kinywa chake mwenyewe. Mwezi huu nataka tulitazame swali hili la mpakani, kwa maana naona wengi wetu tunalipita kama jambo dogo, nalo si dogo.

1. SHERIA INASEMAJE?

Tuanze na sheria, kwa sababu wako wanaokosa kwa kutojua, na wako wanaojificha nyuma ya kutojua.

Katika viwanja vya ndege, na ndani ya meli zinazotoka nchi moja kwenda nchi nyingine, yapo maduka yanayouza vitu bila ushuru. Chupa ambayo mjini ni ghali, pale ni rahisi. Sababu yake ni kwamba nchi inayouza haidai ushuru wake, kwa kuwa mnunuzi anaondoka na kitu chake. Melini duka hilo kwa kawaida hufunguliwa chombo kikiwa baharini, na hufungwa kinapotia nanga. Basi msafiri hununua chupa nne, tano, hutunza karatasi ya malipo, na akifika Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam husema, “Hizi nilinunua duka lisilo na ushuru, kwa hiyo sidaiwi.”

Sivyo, ndugu yangu. Aliyekusamehe ni wa kule ulikonunua. Wa nyumbani hajasema neno bado. Bahari haina ushuru, lakini bandari inao.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya forodha, ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Wala sheria hiyo si katili kwa msafiri. Mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuingia na pombe kali isiyozidi lita 1, au divai isiyozidi lita 2, kwa matumizi yake mwenyewe, asitozwe kitu. Angalia neno “au”. Angalia pia umri: mtoto wa miaka 10 hana fungu la pombe la kumwazima baba yake. Kinachozidi kiasi hicho hutajwa na kulipiwa. Na mzigo wa kuuza hauingii kabisa katika msamaha huo.

Wengine huuliza, “Je, kama kimetengenezwa Kenya, si ni Jumuiya moja?” Ni kweli kwamba bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, ikiwa na cheti cha kuonyesha ilikotoka, husamehewa ushuru wa forodha. Lakini ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani vinabaki pale pale, na pombe ni miongoni mwa vitu vinavyotozwa. Tena tangu mwaka 2019 chupa ya pombe kali au ya divai inayouzwa Tanzania yatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Na pombe kali ya vifuko vya plastiki, vile viroba, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017. Hiyo usiibebe hata kidogo.

Basi sheria ni hiyo. Haikatazi kubeba. Inataka useme umebeba nini.

2. RAHELI JUU YA MATANDIKO

Sasa tusome Mwanzo sura ya 31. Yakobo anahama kutoka kwa mkwewe Labani. Anaondoka kimya kimya na wake zake, watoto na mifugo. Raheli, mke wake mpendwa, ameiba vinyago vya nyumbani kwa baba yake, wala Yakobo hana habari. Labani anawafuatia siku saba, anawakuta mlimani Gileadi, anadai vinyago vyake.

Yakobo anakasirika. Yeye ni mtu aliyefanya kazi miaka 20 kwa jasho lake, na sasa anaitwa mwizi mbele ya watoto wake! Anajibu kwa ujasiri kwamba yeyote atakayekutwa na vinyago hivyo na afe. Kisha anamwachia Labani apekue.

Labani anapekua hema ya Yakobo, hema ya Lea, hema za wajakazi wawili, na mwisho hema ya Raheli. Raheli ameviweka vinyago ndani ya matandiko ya ngamia, na amekaa juu yake. Anamwomba baba yake asikasirike kwamba hainuki, kwa kuwa yumo katika siku zake za wanawake. Labani, kwa heshima, hakumgusa. Alipapasa hema yote asione kitu.

Ninyi mliosafiri kwa basi mmewahi kumwona Raheli. Amekaa juu ya mzigo, amejifunika khanga, anasema anaumwa. Tunacheka, lakini tuangalie vizuri mambo mawili katika habari hii.

La kwanza, Raheli alitumia heshima ya baba yake kuwa maficho. Alijua kwamba Labani ana haya, hawezi kumwambia binti yake aliye katika hali ile, “Simama.” Kilichomficha hakikuwa matandiko, ni adabu ya mzee.

La pili, Yakobo aliapa juu ya mzigo asioujua. Alitoa jina lake kuwa dhamana, na chini ya jina hilo palikuwa na wizi. Laiti Labani angeinua matandiko, neno la Yakobo lingemrudia katika nyumba yake mwenyewe, kwa mke aliyempenda kuliko wote.

3. MZIGO CHINI YA NGOMA

Nitawapa mfano. Msitafute ni mtaa gani, maana nimeutunga kutokana na mengi ninayosikia kwa watu mbalimbali.

Kwaya moja ya huku kwetu ilialikwa kuimba upande wa Kenya, kule Migori. Walikodi basi dogo, wakaenda, wakaimba vizuri, wakapewa chakula na baraka. Wakati wa kurudi, mwimbaji mmoja kijana, ambaye mjomba wake alikuwa anaandaa harusi, alipakia maboksi matatu ya pombe kali. Aliyaweka nyuma kabisa, akayafunika kwa ngoma, na juu ya ngoma akalaza majoho ya kwaya.

Walipofika Sirari, afisa wa forodha, kijana mwenye adabu, aliingia ndani ya basi. Akamwona mama mlezi wa kwaya amekaa mbele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?”

“Njema. Mmetoka wapi?”

“Tumetoka Migori, tulikwenda kuimba.”

“Mmebeba nini?”

Mwalimu wa kwaya akajibu kwa moyo mweupe, “Hatuna kitu, mkuu. Ni ngoma, kinanda na majoho tu.”

Yule afisa akatazama majoho, akatabasamu. “Haya, watu wa Mungu, piteni. Mtuombee na sisi.”

Wakapita. Ndani ya basi wakaanza pambio.

Walipofika nyumbani usiku wakashusha vyombo, na maboksi yakaonekana. Mama mlezi akauliza ni ya nani. Yule kijana akasema, “Mama, ni ya harusi ya nyumbani tu. Kwani serikali itakufa kwa maboksi matatu?” Wengine wakacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Alikaa juu ya ngoma, akasema, “Mimi ndiye niliyesema hatuna kitu.”

Wapendwa, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ushuru wa maboksi matatu unaweza kuhesabiwa na kulipwa. Lakini yule kijana wa mpakani hakudanganywa na maboksi. Alidanganywa na majoho. Aliuona msalaba uliodariziwa kifuani, akaacha kupekua, akaomba aombewe. Imani yake kwa watu wa Mungu ndiyo iliyotumika kama khanga ya kufunikia mzigo.

Kesho yake mama mlezi aliwaita wote. Alisema, “Jumapili hatuimbi mpaka jambo hili liishe.” Palikuwa na maneno mengi. Wengine walisema kijana ataaibika, wengine kwamba kanisa litaaibika, wengine kwamba harusi itaharibika. Mama akawajibu, “Aibu ilikwisha kupita Sirari. Tunachotafuta sasa ni kuitoa.” Mwishowe mjomba, kijana na mwalimu wa kwaya wakayachukua yale maboksi wakayapeleka wenyewe kwa watu wa Mamlaka ya Mapato, wakaeleza yote. Maboksi yakabaki huko, na mjomba akalipa alichotozwa. Harusi ikanywewa soda na chai.

Je, walisifiwa? Hapana. Tangu siku hiyo kwaya ile ikipita Sirari hupekuliwa mpaka ndani ya ngoma. Na ni haki. Kupoteza imani ya mtu ni kazi ya dakika moja, kuirudisha ni kazi ya miaka. Lakini wanaimba, na wakiimba juu ya kweli hawaangalii chini.

4. VISINGIZIO VITATU

Ninajua yanayosemwa. Tuyatazame bila kuoneana haya.

“Mpaka wenyewe ni wa wakoloni.” Hilo ni kweli kwa historia. Mstari unaokata kutoka ziwani kwenda Kilimanjaro ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hawakumwuliza Mkurya wala Mjaluo, ambao mpaka leo wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Lakini ushuru unaokusanywa leo hauendi Berlin wala London. Unaingia katika mfuko unaolipa mwalimu wa Butiama na muuguzi wa Bunda. Ukimkwepa mtoza ushuru hujamkwepa mkoloni. Umemkwepa mtoto wa jirani yako anayekaa chini darasani.

“Wakubwa wanaiba zaidi.” Inawezekana wako. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Warumi wampe kila mtu haki yake, wa kodi kodi, wa ushuru ushuru, aliyekaa kwenye kiti huko Rumi alikuwa Nero. Paulo hakusema watu walipe kwa sababu mkubwa ni mwema. Alisema watii si kwa kuogopa ghadhabu peke yake, bali kwa ajili ya dhamiri. Dhamiri ni yako. Mwizi mkubwa hawezi kukuwekea dhamiri yako safi, wala hawezi kuichafua usipomsaidia. Tena mtu aliyekwepa ushuru wa chupa tano atapata wapi ujasiri wa kumkemea aliyekwepa wa malori matano?

“Ni kidogo tu.” Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya zamani ikavunjika mwaka huo huo. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo ilikuwapo vita ya Uganda, na uhaba wa sabuni, sukari na mafuta. Magendo yakawa chakula cha kila siku. Mtu alianza na mche mmoja wa sabuni kwa ajili ya watoto, na Mungu anajua shida iliyokuwapo. Lakini wengi hawakuishia kwenye mche mmoja. Mwaka 1983, Hayati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipotangazwa vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, watu walitupa mali usiku porini na majini wasikutwe nayo. Kitu ulichokitafuta kwa bidii namna ile, kisha ukakitupa gizani kwa hofu, kilikuwa chako kweli?

Sisemi kwamba kila aliyekamatwa wakati ule alitendewa haki. Palikuwa na waliobanwa kwa kidogo sana, na kanisa halina budi kukumbuka huruma. Ninachosema ni kwamba njia ya panya huanza nyembamba. Na sisi wa Mara tuna sababu ya pekee ya kulikumbuka hili. Pale Butiama amelala Mwalimu Nyerere, na katika ahadi za chama alichokiongoza, kila mwanachama aliahidi kutotoa rushwa wala kuipokea, kwa kuwa ni adui wa haki. Tunawapeleka wageni kuona kaburi lake. Itakuwa vibaya tukitoka hapo na kuingia barabarani na mzigo chini ya ngoma.

5. YESU NA WATU WA FORODHA

Sasa tumtazame Bwana wetu. Kapernaumu ulikuwa mji wa kando ya ziwa, wenye wavuvi, karibu na mpaka wa nchi ya Herode na nchi ya Filipo ndugu yake. Kwa hiyo palikuwa na forodha. Sisi wa Musoma hatuhitaji kuelezwa mji wa namna hiyo. Tunayo Mwigobero yetu, mitumbwi yetu na dagaa wetu. Pale forodhani aliketi mtu jina lake Mathayo, mtu aliyedharauliwa na watu wake, na Yesu alipopita hakumpita. Alimwita. Kisha akala nyumbani mwake pamoja na watoza ushuru wengi, watu wa dini wakanung’unika.

Hili ni neno kwa ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi Sirari, bandarini na katika viwanja vya ndege, maana wengine wenu ni washarika wetu. Mnasemwa vibaya sana, na mara nyingine na sisi tunaowashawishi mpokee. Kumbukeni kwamba watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi walichoamriwa. Ni kipimo cha haki tupu: si zaidi, wala si pungufu kwa sababu ya “chai”. Anayekupa noti ndani ya pasi ya kusafiria hakuheshimu, amekupangia bei. Na Zakayo alipokutana na Yesu, alisema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Wokovu uliingia nyumbani mwake siku ile ile.

Na liko jambo moja zaidi, katika Mathayo sura ya 17. Petro aliulizwa kama mwalimu wake hutoa ile kodi ya hekalu. Yesu akamwonyesha Petro kwamba wana wa mfalme hawatozwi na baba yao. Yaani Mwana wa Mungu hakudaiwa kitu kwa ajili ya nyumba ya Baba yake. Hata hivyo, asije akawakwaza watu, alimtuma Petro na ndoana ziwani, na katika kinywa cha samaki wa kwanza palikuwa na fedha ya kuwatosha wote wawili.

Wapendwa, ni nani duniani aliyekuwa na msamaha wa kweli wa kodi, kama si Yeye? Naye hakuutumia. Alilipa yake, akalipa na ya Petro. Huyu ndiye tunayemfuata. Basi sisi tusio na msamaha, tunajipa msamaha gani?

6. KILICHOMO NDANI YA CHUPA

Sitamaliza bila kugusa pombe yenyewe. Najua katika parishi zetu wako walioacha kabisa walipookoka, na wako wanaosema kidogo si dhambi. Leo siamui shauri hilo. Nasema hili tu: chupa iliyoingia kwa siri haina wa kuijibia. Haikupimwa, haina stempu, na anayeiuza hana jina. Mwezi Mei 2014 huko Kenya, katika kaunti za Embu, Kitui na nyinginezo, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyochanganywa na spiriti ya viwandani. Walinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Mtu anayeleta chupa asiyoijua kwenye harusi ya mpwa wake anaweza kuwa anawaletea wageni kifo kwenye glasi. Na hata iliyo safi, ikinywewa kwa pupa kwa sababu “ni ya bure”, inamrudisha baba nyumbani akiwa mwingine, na watoto wanajua wanavyoisikia hatua yake mlangoni. Hilo nalo ni ushuru, na wanaoulipa ni wao.

7. TWENDENI BETHELI

Turudi kwa Yakobo. Katika sura ya 35 Mungu anamwambia aende Betheli, akamjengee madhabahu. Yakobo anawaambia watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni iliyo kwao, wajisafishe, wabadili nguo. Nao wakampa Yakobo vyote vilivyokuwa mikononi mwao, hata pete za masikioni, akavifukia chini ya mwaloni karibu na Shekemu. Biblia haimtaji Raheli kwa jina mahali hapa. Lakini inasema walitoa vyote. Kile ambacho upekuzi wa Labani haukukipata, mwito wa kwenda nyumbani mwa Mungu ulikitoa chenyewe.

Ndiyo tofauti ya sheria na neema, ndugu zangu. Labani hupapasa mizigo; Mungu husema, “Njoo nyumbani kwangu,” na mtu mwenyewe huona haya kuingia akiwa amekalia kitu.

Kila Jumapili, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, tunapiga magoti na kuungama. Na hapo tunaulizwa swali lile lile: Umebeba nini? Wengi wetu hujibu kama mwalimu wa kwaya: “Hatuna kitu, ni ngoma na majoho tu.” Hebu mwaka huu tujibu vizuri zaidi, mpakani na madhabahuni.

Basi ninawasihi haya. Wewe unayesafiri, jua kiasi unachoruhusiwa kabla hujanunua, na kinachozidi kitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Wewe kiongozi wa kwaya, wa vijana au wa Umoja wa Akina Mama, usilitoe jina la kanisa kuwa dhamana ya mzigo ambao hujauona. Wewe mwenye gari, usikubali boksi la mtu bila kulifungua, maana sheria huweza kulitaifisha hata gari lililobeba. Wewe uliye na jambo la zamani linalokusumbua, njoo kwa kasisi wako tuongee na tuombe, kisha tutafute pamoja njia ya kulirudisha. Na wewe unayempokea mgeni, usimwulize, “Umeniletea nini?” kwa namna inayomlazimisha kuiba njiani ili akufurahishe. Mwambie, “Karibu nyumbani.” Yeye ndiye zawadi.

TUOMBE

Ee Bwana, unayeyajua yaliyomo mioyoni kabla ya mizigo yetu kufunguliwa, utupe ujasiri wa kutaja tulichokificha. Uwabariki watumishi wako wa mipakani na bandarini, wasitoze zaidi ya haki wala pungufu ya haki. Uwalinde wasafiri wote barabarani na ziwani, uwafikishe kwao salama. Na siku ile tutakapovuka mpaka wa mwisho, utukute hatujakalia kitu, ila tumeshika rehema zako tu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Raheli alitumia heshima ya baba yake kuwa maficho. Je, sisi hutumia heshima ya nani?

2. Kama ungekuwa mama mlezi wa kwaya ile, ungefanya nini usiku ule maboksi yalipoonekana?

3. Yesu hakudaiwa, lakini alilipa. Ni wapi katika maisha yako unaweza kufanya hivyo ili usimkwaze mwingine?